Maji Yakipwa Utakiona Chumba Chetu

Chumba tulicholala fungate, mimi na mke wangu, sasa kiko baharini. Sisemi kwa mafumbo. Ukifika Ushongo, ufukwe wa Pangani, siku za bamvua, zile ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, saa nne asubuhi hivi, maji yakiwa yamepwa hadi kule kwenye majani ya bahari, utaona kipande cha sakafu nyekundu kimelala mchangani kama mkeka uliosahauliwa. Kina ufa katikati. Upande mmoja yamebaki matofali mawili ya kizingiti, na kwenye kona iliyokuwa na ndoo ya kuogea pana shimo ambalo kaa wamelifanya makao. Hicho ndicho chumba namba tatu.

Nilisimama pale mwishoni mwa Desemba 2024, suruali nimeikunja hadi magotini, nikawaita wanangu waje waone. Binti yangu ana miaka 18 na hashangazwi na kitu. Akatazama chini, akatazama bahari, akauliza, "Sasa kitanda kilikuwa wapi?" Mama yake akamkata jicho. Mdogo wake akacheka hadi akakaa kwenye maji.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni Mluguru, mtoto wa milimani, na bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa mtu mzima mwenye kitambulisho cha kazi. Mke wangu ni Mbondei wa Muheza. Tulioana Desemba 2003, na kila mtu kazini aliniambia fungate ni Zanzibar, bila Zanzibar hujaoa. Nilihesabu zile hela mara mbili. Kwa jinsi zilivyokuwa, fungate yangu ilikuwa inaishia Chalinze. Mjomba wa mke wangu ndiye aliyetuokoa. Akasema kuna mahali, ukishavuka mto pale Pangani, kuna ufukwe ambao watu wenyewe wa Pangani hawajaumaliza.

Tukapanda basi hadi Tanga, tukalala Ngamiani, barabara ya 12, kwa shangazi yake, na alfajiri tukapanda basi la Pangani. Ni kilomita 50 tu. Tulitumia saa tatu na zaidi. Ninayo picha ya siku ile: nyusi zangu nyekundu kwa vumbi, mke wangu amejifunga kanga usoni, amebakiza macho. Tukafika mtoni, tukangoja kivuko, tukavuka hadi Bweni, tukangoja tena, hadi likapita lori lililokuwa linakwenda kubeba nazi. Ushongo tuliingia magharibi. Mabanda manne ya makuti, chemli moja kwa kila banda, choo nyuma. Elfu sita kwa usiku, chai na mihogo ndani yake.

Kesho yake walipojua bibi harusi ni wa Muheza, mambo yakageuka. Nikawa Shemeji. Hadi leo Ushongo hakuna anayejua jina langu la ubatizo, na wanangu wana wajomba kule ambao hawana hata tone la damu nao.

Tulirudi karibu kila Desemba hadi 2011. Mwaka huo akazaliwa mtoto wa pili, mwaka uliofuata nikahamishiwa Mwanza, kisha Dodoma, kisha ada za shule zikaanza kula likizo. Ikapita miaka 13. Huko nilikokuwa niliwasimulia watu habari za Ushongo mpaka wenzangu wa ofisini wakawa wanaimalizia hadithi kabla yangu. Ninapoifikiria sasa naona nilikuwa nimeipiga msasa sana.

*

Tanga mjini tulikaa siku moja, na yenyewe ingetosha kunionya. Basi halikutushusha tena Ngamiani katikati ya watu. Stendi iko Kange, nje ya mji, na bodaboda ndizo zilizorithi kazi ya baiskeli. Wale wazee wa baiskeli wenye kengele bado wapo, ila wamekuwa wachache, na wanaendesha pembeni kabisa kama watu wanaoomba radhi.

Jioni tukaenda Raskazone. Zamani mchezo wetu pale ulikuwa kuhesabu meli. Zilikuwa zinatia nanga mbali, maana gatini maji yalikuwa na kina cha mita tatu hivi, na matishari yakawa yanakwenda na kurudi yakishusha mzigo kidogo kidogo. Unakaa na mihogo yako ya kukaanga na kachumbari, unaangalia kazi ya wenzio. Sasa bandari imechimbwa hadi mita 13, kuna gati la mita 450, na meli zinaingia zenyewe hadi ukutani. Mbele ya Raskazone bahari ilikuwa tupu. Nikamwambia mwanangu, "Hapa kulikuwa na meli." Akanitazama kama mtu anayesikia kwamba hapa kulikuwa na simba.

Ng'ambo ya ghuba, upande wa Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Dereva wa bajaji alilitaja mara nne katika safari ya dakika kumi. Kodi ya chumba, bomba. Bei ya samaki, bomba. Mdogo wake kapata kazi, bomba. Watu wa Tanga wana msemo wao wa siku nyingi kuhusu wageni, waja leo waondoka leo. Yeye akasema siku hizi wanakuja leo na hawaondoki, na ndiyo maana hajui atahamia wapi.

Barabara ya Pangani lami ilikuwa imeshalala vipande virefu, na palipobaki kulikuwa na michepuko ya vumbi kama kumbukumbu ndogo. Ni sehemu ya ile barabara ya kilomita 256 itakayounganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo, ili anayekwenda Dar es Salaam asilazimike kuzungukia Segera na Chalinze. Tulipita Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo, kwa mwendo ambao sikuwahi hata kunyoosha kidole. Zamani basi likiharibika, na lilikuwa linaharibika, ilikuwa karibu lazima liharibikie mahali pa kutazama.

*

Mtoni tulikuta kivuko kiko upande wa Bweni. Kungoja. Nafsi yangu ikatulia: angalau hili limebaki.

Lakini juu kidogo ya mto nguzo za zege zilikuwa zimesimama ndani ya maji, na winchi juu yake. Daraja la Pangani, mita 525. Nikachukua simu nikaanza kupiga picha za kivuko. Kwa mbele, kwa ubavu, watu wakishuka na baiskeli, mbuzi akikataa kupanda. Nikawaambia watoto waangalie vizuri, kitu hiki kinaondoka. Binti yangu akauliza kinaondoka saa ngapi.

Ili kuua muda nikawapitisha kwenye mji, kwenye zile nyumba za zamani zenye milango ya nakshi ambayo mingine imebaki milango tu, nyumba yenyewe imeshachoka nyuma yake. Nikawahadithia habari za Bushiri bin Salim. Mwaka 1888 Wajerumani walipokuja kupandisha bendera yao, ni mji huu uliokuwa wa mwanzo kuwakatalia, na ni mji huu huu walikomnyonga Bushiri Desemba 1889. Mwanangu wa kiume alisikiliza vizuri, kisha akauliza kama Bushiri naye alivuka kwa kivuko. Swali hilo nilikuwa sijawahi kujiuliza.

Kwenye foleni kulikuwa na mama anauza kashata za nazi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Nilinunua mbili, sikumtazama sana. Nitamrudia.

*

Ushongo. Nimejaribu kuandika sehemu hii bila kulalamika, sijaweza, kwa hiyo acha nilalamike kwanza nimalize.

Kuna umeme. Nguzo zinaandamana na njia hadi ndani ya minazi. Kuna mtandao, tena wa kasi. Zamani kulikuwa na mnazi mmoja uliopinda kuelekea baharini ambao ukisimama chini yake mnara ulikuwa unashika, na jioni ungekuta watu wanne wamesimama pale kila mmoja amegeukia upande wake, wanapiga kelele. Kuna spika. Tarehe 28 Desemba lilikuja kundi la vijana kutoka mjini na spika ya ukubwa wa jokofu, wakaielekeza baharini kana kwamba samaki ndio walioomba. Na kuna seng'enge. Viwanja vimepimwa, mawe ya mipaka yenye namba yamechomoza kwenye nyasi, na ile njia ya kupita chini ya minazi toka kijijini hadi kwenye mabanda imekatwa mara tatu.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nikiwa na hasira zangu za asubuhi, nikaanzia kwenye mstari wa takataka ambapo maji yalifika usiku, nikapiga hatua ndefu 60 kuelekea nchi kavu. Zilinipitisha kwenye ngazi za mtu, kwenye viti vya mtu, zikaniishia mbele ya kaunta ya vinywaji. Kijana wa kaunta akaniuliza, "Nikupe nini, mzee?" Nikanywa soda. Baridi, kusema kweli. Na nikiwa pale naivuta soda nikakumbuka kwamba chumba namba tatu, hiki ninachokililia, sidhani kilifikisha hata mita 30 siku kinajengwa. Mwaka 2003 sikumpimia mtu.

Wale wenye mabanda manne wameshauza. Lakini mama aliyekuwa anapika enzi zile bado anapika, sasa kwenye jiko la gesi, na watu wawili wakimsaidia. Alimkumbatia mke wangu kwa muda mrefu, akawashika watoto mashavu, "wapwa zangu hawa jamani," kisha akatuketisha jikoni kama wenyeji. Kwenye meza palikuwa na pweza wa nazi. Nikaanza wimbo wangu. Nikasema, Dada, pamebadilika, nilikuwa naipenda ile chemli, ule mwanga wake wa kahawia, mtu unasikia bahari hata usipoitazama.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Shemeji, wewe uliipenda chemli siku nne kwa mwaka. Mimi nimefuta masizi ya chemli nne kila asubuhi kwa miaka kumi na mitano. Kioo kikipasuka kinakatwa kwenye mshahara. Tazama." Akanionyesha kidole gumba cha kulia, kovu la zamani limepita ubavuni hadi kwenye kucha. "Hii ni ya chumba namba tatu. Dada hapa shahidi, mlikiacha dirishani usiku wa upepo."

Mke wangu akainamia sahani. Sikuwa nalikumbuka tukio hilo hata kidogo. Yeye alilikumbuka.

*

Kwa hiyo asubuhi yake, tulipokwenda kukiona kile kipande cha sakafu, sikuwa tena na ile sauti ya mtu aliyeibiwa.

Na hapa nataka kukaa kidogo, maana ni jambo nililokwenda kichwa kichwa nalo. Umeme, lami, seng'enge, spika: haya yana mtu nyuma yake, unaweza kumnunia au kumshukuru. Bahari hainuniwi. Mwaka 2011 kati ya kizingiti chetu na maji yaliyojaa kulikuwa na safu mbili za minazi na uwanja ambao vijana wa kijiji walikuwa wanachezea mpira. Safu ya kwanza iliondoka, nikaelezwa, kwa msimu mmoja wa kusi, ule upepo wa kusini; mawimbi yakachimba chini ya mizizi hadi minazi ikalala yenyewe na vichwa vyao majini. Safu ya pili ilichukua miaka michache zaidi. Banda letu lilibomolewa kabla halijaanguka, mbao zikaokolewa, sakafu ikaachwa kwa sababu hakuna anayebeba sakafu.

Kila mtu ana maelezo yake. Bahari imepanda. Kuna waliokata mikoko. Kuna mto: Pangani unakusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, na zamani ulikuwa unaleta mchanga wote hadi huku mwambaoni, lakini tangu miaka ya 1960 kuna bwawa la Nyumba ya Mungu juu kule, na kuna kituo cha Hale, kinachofua umeme tangu 1964, na bwawa likikamata maji linakamata na mchanga. Kwa hiyo huenda ule mwanga wa jikoni kwa Dada na hii sakafu iliyo majini ni ndugu wa mbali. Sikumwambia. Angeniuliza kama nataka arudishe chemli.

Mke wangu alikaa kwenye kile kizingiti, miguu ndani ya maji, akala chungwa. Kaa mmoja akatoka akamtazama, akarudi. Binti yangu alipiga picha moja tu, ya miguu ya mama yake na ule ufa. Nimeiomba mara mbili, hajanitumia.

*

Kesho yake, siku ya mwezi mwandamo, tukaenda Maziwe.

Kwa wasiopajua: Maziwe ni fungu la mchanga lililoko baharini mbele ya Ushongo, kama saa moja kwa mashua, na limezungukwa na matumbawe. Ni hifadhi tengefu, unalipa kiingilio. Unaondoka saa mbili maji yakianza kwenda zake, unafika mchanga ukiwa umechomoza, mweupe hadi macho yanauma, na maji pembeni yana rangi ambayo sijawahi kuipatia jina. Hakuna mti. Hakuna jani. Kila mtu anayekuja anasema neno lilelile, pepo.

Zamani nahodha wetu alikuwa mzee mmoja mwembamba, mtu wa maneno machache. Safari hii aliyetupokea kwenye mashua alikuwa mtu wa makamo, akanishika mkono akacheka, "Shemeji hunijui." Ni mwanawe. Yule mtoto aliyekuwa anakaa nyuma ya ngalawa anachota maji kwa kata. Nikauliza habari za mzee.

"Tulimzika, mwaka wa tatu huu."

"Pole sana."

"Tushapoa."

Akawasha injini, na kwa muda hatukusema kitu.

Njiani nikatambua kwamba kuna sauti inakosekana. Miaka ile ukiogelea huku, mara kwa mara ulikuwa unasikia kishindo, hasa ukiwa umezamisha kichwa: mgongano mfupi, mkavu, kama mlango wa chuma unaofungwa chini ya bahari. Ni baruti. Watu walikuwa wanavua kwa mabomu, mwambao wote huu wa Tanga, mchana kweupe, na sisi wageni tulikuwa tunaulizana tu kama ni radi. Katika siku tano za safari hii sikusikia hata kimoja. Nahodha akasema wamebanwa sana, na wengine wameacha wenyewe baada ya kupoteza mikono. Akasema samaki changu wamerudi, wadogo wadogo, lakini wamerudi. Hilo nalo ni badiliko, na sikuwa nimeliweka kwenye orodha yangu ya malalamiko kwa sababu halikuwa na sauti.

Tulifika, tukashuka. Watoto wakakimbilia majini na miwani yao. Mimi nikasimama juu kabisa ya fungu, mahali palepale, ingawa hakuna palepale kwenye mchanga unaohama, nikasema kwa sauti ya mtu aliyefika nyumbani, "Angalau Maziwe haijabadilika."

Nahodha alikuwa anatupa nanga. Akasita na kamba mkononi.

"Shemeji, unakumbuka ulichomwambia mzee hapa, ile mara ya kwanza?"

Sikukumbuka. Nilikumbuka embe. Tulikaa hapa na yule mzee, alinimegea embe dodo, akawa anazungumza na kuelekeza kidole huku na huku, na mimi nikala embe lile hadi kokwa nikalirusha majini. Alichokuwa anasema sikukishika.

"Mzee alikuwa anakuonyesha mivinje ilipokuwa. Hapa palikuwa na mivinje, kisiwa kizima. Babu yangu alikuwa anakuja dago hapa, wanakaa siku nyingi, wanakausha samaki, wanalala chini ya miti. Ukiwa Ushongo ukitazama huku unaiona imesimama kama watu kwenye foleni. Ndiyo ilikuwa alama ya kurudia nyumbani. Na kasa walikuwa wanapanda kutaga hapa, wengi, mwambao mzima hakuna mahali walipokuwa wanapapenda kama hapa. Mivinje ikaanza kuanguka mmoja mmoja. Mzee alikuwa kijana, ameuona ule wa mwisho. Anamaliza kukuhadithia, wewe ukamwambia: Mzee, hapa ni peponi, msije mkapabadilisha."

Mke wangu aliangalia pembeni.

"Alicheka hadi tunafika nchi kavu," nahodha akasema. "Akawa anawahadithia wenzake barazani kila siku. Anasema, kuna shemeji wa bara kakuta kaburi, kalisifia, kasema marehemu asibadilishwe."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayerudisha kitu ulichokisahau nyumbani kwake. Nami nilicheka, maana ni kichekesho kweli. Kisha nikatembea hadi mwisho wa fungu peke yangu. Hatua 200 na kidogo. Nilijaribu kuiweka ile mivinje machoni, kimo chake, ule uvumi wake upepo ukipita, moshi wa samaki, watu wamelala. Sikuweza. Macho yangu yaliendelea kuona mchanga mzuri mtupu. Ni huo tu niliopewa, na ndio niliozoea kuuita Maziwe.

Kasa bado wanakuja. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Miti imekwenda, kisiwa kimekuwa fungu ambalo maji yakijaa linazama, lakini wao bado wanapanda usiku, wanachimba, wanataga mayai zaidi ya mia kwa shimo moja, halafu wanarudi baharini. Yakiachwa, bamvua linayafikia. Kwa hiyo kuna vijana wa Ushongo wanayafukua kwa mikono, wanayabeba kwa mashua, wanayazika upya nchi kavu mahali pa usalama, na siku hamsini au sitini baadaye wanakaa kungoja watoto watoke. Inabidi wayabebe bila kuyageuza. Nahodha alinionyesha namna ya kulishika yai, vidole vitatu, kwenye yai la kuku tulilokuwa tumelichemsha kwa ajili ya chakula cha mchana. Na mchanga ukizidi joto, akasema, wanatoka majike watupu. Mwanangu wa kiume akasema shuleni kwao wamesoma hivyo pia, kisha akala lile yai.

Saa sita maji yakageuka. Huyaoni yakija, unaona tu kwamba ndoo uliyoiweka pakavu imeanza kuelea. Tulipanda mashua, na nilipogeuka nyuma saa saba na kitu, Maziwe ilikuwa mstari wa povu, kisha haikuwa kitu.

*

Mtoni siku ya kurudi, kivuko kilikuwa upande wa Pangani na sisi tuko Bweni. Kungoja. Yule mama wa kashata alikuwa amevukia upande huu, na ndoo yake ile ile. Nikakaa karibu naye kwenye kivuli. Nikamwambia, kwa ile huruma yetu ya watalii, kwamba daraja likiisha biashara ya hapa itakufa, maana watu hawatangoja tena.

"Na life," akasema.

Binti yake alishikwa na uchungu usiku, akaletwa hadi hapa Bweni kwa pikipiki, kivuko kimeshalala. Walikaa palepale tulipokaa sisi, akanionyesha, kwenye jiwe lile, hadi akapatikana mtu wa mtumbwi. Mtoto alizaliwa katikati ya mto, akapona, na sasa yuko darasa la tatu na anaogopa maji. Aliyasimulia haya huku anahesabu kashata. Nilikuwa nimeomba tano, alifunga saba.

"Basi kukishafungwa huku utauzia wapi, mama?"

"Juu ya daraja, mwanangu. Nyinyi watu wa bara hamwezi kuvuka maji msisimame mkapiga picha." Akaitazama simu iliyokuwa mkononi mwangu. "Wewe mwenyewe hapo umepiga ngapi?"

Niliangalia baadaye, tumeshafika Muheza, kashata zimekwisha na kiti cha nyuma kimejaa unga wa nazi. Arobaini na moja. Zote za kivuko.